Chembe saba kwenye mkia wa bao

Nilichota viganja viwili tu vya mchanga.

Mchanga wenyewe ulikuwa umeshamaliza safari yake. Ulimwagwa kichwani mwa bao, ule ubao wa mteremko uliotandikwa magunia ya kunasa dhahabu, ukapita juu ya magunia, ukaangukia kwenye shimo la marudio, yaani mchanga uliokwishaoshwa. Pale mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, mchanga wa namna hiyo huhesabiwa kuwa umekufa. Nikautia kwenye karai na kuuzungusha na maji kidogo, zaidi kwa kupoteza muda, maana mjomba alikuwa bado anakung'uta magunia yake. Ule mweupe ukatoka, ukabaki mweusi. Nikainamisha karai upande wa jua.

Chembe saba.

Zilikuwa ndogo kiasi kwamba ningepiga chafya zingepotea, lakini njano ile haifanani na njano nyingine. Nikamwita mjomba. Kabla hajafika, kijana anayelinda mwalo akachungulia begani kwangu, akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayemkumbusha mgeni avue viatu mlangoni:

"Mwalimu, hizo si zenu tena."

Alikuwa sahihi. Mwalo ule hatulipi hela ya kuoshea. Tunakuja na kifusi chetu, tunaosha, tunachukua kilichonaswa na magunia, tunaacha marudio. Marudio ni ya mwenye mwalo. Yakijaa, yanakwenda kwenye plant, kiwanda kinachoyaloweka kwenye sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, na kinachotoka huko hakituhusu.

Nikamwaga zile saba shimoni. Mjomba alipofika akakuta karai tupu, akaniuliza nilikuwa namwitia nini. Nikasema hamna kitu.

Hiyo ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Shule zikafunguliwa, nikarudi Mbeya, na kila nilipoandika ubaoni neno "uzani" niliziona zile chembe zikizunguka kwenye karai.

Mzee wa mji

Mjomba amekuwa akiosha dhahabu ya Mto Lupa, wilayani Chunya, tangu kabla sijazaliwa. Ana imani moja ambayo hajawahi kuona haja ya kuitetea: dhahabu ni nzito. Kwa hiyo kifusi hakichekechwi. Kinamwagwa kama kilivyotoka shimoni, mawe kwa mchanga kwa udongo, na maji yanafunguliwa ya kutosha kuyasukuma mawe mpaka mwisho.

"Dhahabu ni mzee wa mji," huniambia. "Vurugu zikianza, vijana wote wanakimbia. Mzee anakaa chini."

Kwa miaka mingi nilikubaliana naye, tena kwa cheti. Nafundisha fizikia. Jedwali la densiti nimelichora mara zisizo na hesabu: maji 1, kwarzi (lile jiwe linalotoa mchanga mweupe) 2.65, dhahabu 19.3. Ukishaona namba hizo tatu zimepangwa safu moja, nani atakuuliza habari ya chekeche?

Ila kuna jambo ambalo sisi wa Chunya tunalijua na kulisahau kwa wakati mmoja. Dhahabu ya Mto Lupa ilianza kuvumishwa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 watu walimiminika huko kwa maelfu. Ile nene, ile ya kuokota kwa vidole, ilikwenda na wao. Mabonde tunayochimba leo yamegeuzwa mara mbili, mara tatu. Wenzetu wanaotembea porini na mashine za kutambua madini bado wanapata vipande, sikatai. Lakini anayeosha mchanga wa mto uliokwishaoshwa na babu yake anaokota makombo.

Na makombo hayana tabia ya mzee wa mji.

Hesabu niliyokuwa naifundisha vibaya

Usiku mmoja, badala ya kusahihisha madaftari, nilikaa na kalamu.

Kitu kikiwa ndani ya maji hupunguziwa uzito sawa na wa maji kiliyoyasukuma. Hilo kila mwanafunzi wangu analijua. Kwa hiyo ndani ya maji dhahabu haibaki na 19.3, inabaki na 18.3. Kwarzi inabaki na 1.65. Gawanya: dhahabu inaizidi kwarzi mara 11. Mpaka hapo mjomba anashinda, tena kwa mabao mengi.

Lakini hiyo ni kwa vipande vyenye ukubwa sawa. Bao halipokei vipande vyenye ukubwa sawa. Linapokea jiwe la ukubwa wa ngumi, kokoto, mchanga, na chembe ya dhahabu isiyoonekana bila kukunja uso, vyote kwa pamoja. Na chembe inapokuwa ndogo sana, mwendo wake wa kuzama hushuka haraka kuliko udogo wake. Ukipunguza kipenyo nusu, mwendo hauwi nusu, unakuwa karibu robo.

Matokeo yake ni haya: chembe ya dhahabu yenye milimita 0.1 inazama kwa mwendo wa punje ya kwarzi yenye milimita 0.4 hivi. Mara nne hivi. Ile mara 11 imeyeyuka. Na kama chembe hiyo ni bapa kama gamba la samaki, kama zilivyo nyingi za mtoni, inachelewa zaidi, kwa sababu inapepea ikishuka.

Nikaiweka kalamu chini.

Maji yenye nguvu ya kubingirisha jiwe la ukubwa wa ngumi yatashindwaje kubeba punje ya mchanga isiyofika nusu milimita? Hayashindwi. Na yakiibeba hiyo, yanaibeba na dhahabu iliyo sawa nayo kwa mwendo. Pale mwaloni tunafungua maji kwa ajili ya mawe, kisha tunashangaa dhahabu imekwenda wapi.

Jaribio la kwanza, na aibu yake

Likizo fupi ya mwezi wa tisa nilipanda basi nikiwa na chekeche. Lilikuwa la kawaida, wavu wa chuma ule wa mafundi wa kuchekechea mchanga wa plasta, matundu ya milimita 5 au 6, umepigiliwa kwenye fremu ya mbao. Mjomba akalitazama, akaniuliza kama nimekuja kujenga.

Tukachukua ndoo 40 za kifusi kutoka shimo moja. Ndoo moja huku, ndoo moja kule, mpaka tukapata marundo mawili ya ndoo 20. Rundo la kwanza tukaliosha kama desturi. La pili tukalichekecha kwanza, kisha tukaliosha kwenye bao lilelile, maji yaleyale.

Rundo la mjomba: gramu 0.9.

Langu: gramu 0.6.

Sitaeleza kicheko cha siku ile. Niseme tu kwamba mama ntilie wa pale mwaloni alihadithiwa, na wali wangu ulikuja na salamu za pole.

Usiku nikiwa nimelala kwa mjomba nikakumbuka kitu. Ndani ya zile 0.9 kulikuwa na punje moja nono, ya kushikika. Asubuhi tukaipima peke yake: gramu 0.4. Ile punje ingeweza kuangukia rundo lolote, ilikuwa bahati ya ndoo. Ukiitoa, yeye ana 0.5, mimi nina 0.6.

Nilitaka sana kushangilia hiyo tofauti. Nikajizuia. Tofauti ya gramu 0.1, yaani pointi moja, kwa jaribio moja, kwa mizani ya mwaloni, mwanafunzi wangu akiniletea ningempa maksi mbili kwa jitihada.

Lililonisumbua zaidi ni jingine. Nilikwenda mkiani mwa bao na karai langu, nikaonja marudio ya marundo yote mawili. Kote kulikuwa na chembe. Kwa macho sikuona tofauti.

Nilichekecha na dhahabu bado ilikuwa inatoroka.

Hapo nilikaribia kuacha. Nadhani ningeacha, kama si aibu ya kurudi na chekeche mgongoni kwenye basi lilelile.

Walioipa dhahabu alama

Kuna watu waliosumbuliwa na swali hili kabla yangu, wakiwa na fedha za kulisumbukia. Kule Yukon, Kanada, kwenye mito ya Klondike, wachimbaji wanaosha kwa masanduku makubwa na kulisha kwa matingatinga. Mwaka 1986 Poling na Hamilton, wa chuo kikuu cha British Columbia, walitoa utafiti wao juu ya namna masanduku hayo yanavyonasa dhahabu laini, yaani ya chembe ndogo. Miaka michache baadaye mhandisi Randy Clarkson alifanya jambo ambalo nililisoma mara mbili kuhakikisha sijakosea: zilichukuliwa chembe halisi za dhahabu, zikatiwa mionzi, zikamwagwa kwenye masanduku ya wachimbaji yakiwa kazini. Kisha akazitafuta kwa kipimo cha mionzi. Hakuhitaji kubahatisha. Alijua ameweka ngapi, za ukubwa gani, na zimekaa wapi.

Sina mionzi, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini nilichokihusudu si mionzi. Nilihusudu kujua idadi kabla.

Sisi siku zote tunahesabu kilichobaki kwenye gunia. Kilichoingia hatukijui. Mtu asiyejua alikuwa na ngapi hawezi kujua ameibiwa ngapi. Mjomba kwa miaka yote hiyo amekuwa akiangalia gunia na kusema "leo Mungu kasaidia" au "leo hamna kitu", na lawama zote zinakwenda kwenye shimo. Bao halijawahi kulaumiwa.

Chembe thelathini

Mjomba ana kichupa cha dawa ya macho anachotunzia dhahabu laini mpaka ifike kiasi cha kuipeleka sokoni Chunya. Nikamwomba chembe 30.

"Za nini?"

"Za kumwaga kwenye bao."

Aliniangalia muda mrefu. Akamgeukia kijana wa mwalo kama anayeita shahidi. "Watu wanatoa dhahabu mtoni," akasema, "mpwa wangu anairudisha."

Akakubali. Nilimwandikia karatasi kwamba zikipotea namlipa.

Kwanza tulihitaji kifusi kisicho na kitu. Msicheke, Chunya hiyo si kazi rahisi, hata mchanga wa ujenzi huwezi kuuamini. Tulionja karai kadhaa kutoka rundo la nyuma ya nyumba mpaka tukaridhika kwamba halina chochote. Tukachanganya mawe na kokoto zilizosuguliwa, ili lifanane na kifusi cha shimoni. Magunia tukaweka mapya. Chini ya mkia wa bao tukaweka beseni kubwa badala ya kuachia shimo.

Chembe nilizihesabu kwa ncha ya njiti ya kiberiti iliyoloweshwa, moja moja, kwenye kifuniko cheusi. Nilizilowesha kwa maji yenye sabuni kidogo, maana chembe kavu ya dhahabu laini huelea juu ya maji kama mdudu. Hilo peke yake lilimfanya mjomba anyamaze kidogo. Alikuwa hajawahi kuiona dhahabu inaelea.

Mara ya kwanza: bila kuchekecha, maji ya kawaida, bao lilivyo. Kati ya 30 tukapata 16 kwenye magunia.

Mjomba akahesabu tena mwenyewe. Kumi na sita. Tukaosha beseni kwa karai taratibu, tukapata 9 nyingine. Tano hatukuziona tena. Nikajaza pengo kutoka kichupani, mjomba akiangalia kila njiti inavyoingia na kutoka.

Mara ya pili: tumechekecha, kila kitu kingine kama mwanzo. Tukapata 18.

Mbili zaidi. Hiyo ndiyo ilikuwa faida yote ya chekeche langu, kama ilikuwa faida kweli.

Nikakaa juu ya ndoo. Na hapo ndipo, niseme ukweli, si mimi niliyeona. Ni yule kijana wa mwalo. Alikuwa amesimama anaangalia mchanga wangu laini ukishuka juu ya bao, umetandazika, unakimbia kwa kasi kama unafukuzwa.

"Mwalimu, sasa haya maji yote ya nini? Mawe si hamna?"

Tofali moja

Bao la pale lina urefu wa hatua tatu hivi. Kichwa chake kimeinuliwa kwa matofali ya kuchoma, matatu kwa kusimamisha. Tukatoa moja. Mteremko ukalegea. Kisha tukafunga bomba la maji mpaka karibu nusu.

Mchanga ukabadilika tabia. Ulianza kushuka kwa kuvutavuta, unasimama nyuma ya kila mkunjo wa gunia, unafikiri, unaendelea. Mchanga mweusi ukaanza kujichora mistari karibu na kichwa. Ilichukua muda. Kifusi ambacho mwanzo kilipita haraka kuliko uvutaji wa sigara moja sasa kilitaka karibu mara mbili na nusu ya muda huo.

Kati ya 30, tukapata 27. Nyingi zilikuwa kwenye gunia la kwanza, la juu kabisa.

Tukarudia: 26.

Mjomba hakucheka, wala hakusifu. Alisema, "Basi tuache kuchekecha, tutoe tofali tu. Chekeche la nini?"

Swali zuri. Tukalijaribu palepale: kifusi na mawe yake, tofali limetolewa, maji nusu. Ndoo ya pili haikwisha. Mawe yakasimama katikati ya bao. Maji yakazibwa, yakatafuta njia pembeni, na pale yalipopenya yakaanza kuchimba, yakakomba mchanga mweusi uliokwishatulia na kila kilichokuwa chini yake. Jiwe likikwama juu ya bao, maji hulizunguka kwa hasira na kusafisha nyuma yake mpaka gunia likaonekana nyuzi. Kijana akaingia na koleo kuyaondoa, na kila alipoondoa moja, wimbi dogo likashuka na dhahabu.

Wiki zote zile nilikuwa najiuliza kama chekeche linaongeza dhahabu. Chekeche halinasi hata chembe moja. Kazi yake ni kuondoa sababu ya maji kuwa na nguvu. Mawe yakishatoka unaweza kulegeza mteremko, unaweza kufunga bomba, na dhahabu laini inapata nafasi ya kufika chini. Ukichekecha kisha ukaacha maji kama yalivyokuwa, umejitafutia maumivu ya mgongo bure. Nami nilikuwa nimefanya hivyo hivyo mbele ya watu, nikapewa na wali wa pole.

Yanayobaki juu ya wavu

Sasa nije kwenye hofu ya mjomba, kwa sababu haikuwa ya kijinga. Alisema: "Na ile punje nono? Ile ya 0.4? Ingekuwa kubwa kidogo ungeitupa na mawe yako."

Kweli. Kinachobaki juu ya chekeche si takataka mpaka kitazamwe. Tunakimwaga kwenye turubai, kinapita mbele ya macho mawili na vidole kumi. Mwenye mashine ya kutambua madini akiwa jirani anapitisha mara moja. Vipande vya kwarzi vyenye kutu kutu vinawekwa kando vikapondwe. Hiyo kazi inachukua dakika chache kwa ndoo, na kwa siku nzima ni kibarua mmoja wa ziada. Anayesema kuchekecha ni bure hajawahi kulipa kibarua.

Udongo mfinyanzi ndio ulionipa taabu kuliko mawe. Ukichekecha kifusi kikavu chenye mfinyanzi, mabonge yanabaki juu, unayatupa, na ndani yake kuna dhahabu. Ukiyaacha yaingie kwenye bao ni mabaya zaidi: yanabingirika juu ya magunia na kuzoa chembe zilizokwishakaa, kama ugali unavyozoa mchuzi. Tulichofanya ni kuloweka kifusi usiku, kukivuruga kwa mikono kwenye pipa lililokatwa, na kuchekecha kikiwa na maji. Hilo lilimaliza na jambo jingine lililokuwa linanikera, vumbi. Kuchekecha kikavu kunapendeza kwa wepesi wake, lakini vumbi la kwarzi linakaa kwenye mapafu na halitoki. Nina jirani wa zamani anayekohoa nalo.

Halafu tamaa. Nikiwa nimelewa ushindi wa 27, nilisema kama matundu ya milimita 5 yamesaidia, matundu ya wavu wa mbu yatakuwa mara kumi. Siku nzima tulichekecha ndoo tano. Wavu ukaziba, ukatoboka, vijana wakanitazama kama wanavyomtazama mwalimu wa zamu. Kwa bao letu milimita 5 au 6 zinatosha. Wavu mwembamba unautumia mwishoni, kwenye kile kidogo kilichotoka magunia, kabla ya karai, pamoja na sumaku ya spika mbovu ya kutolea mchanga mweusi.

Wenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe, hadithi yao ni nyingine. Jiwe lililosagwa likibaki juu ya chekeche, dhahabu yake bado imefungwa ndani. Hilo halitupwi wala halioshwi, linarudi kusagwa. Nimeona watu wakiliosha likiwa kama mtama na kulalamika kwamba mwamba hauna kitu.

Na kuhusu zebaki, maana nitaulizwa: wapo wanaoimwaga kichwani mwa bao wakiamini itanata na dhahabu laini isitoroke. Maji yaleyale yanayokimbia na chembe yanakimbia na zebaki pia, vipande vipande, mpaka kwenye marudio. Marudio yanakwenda kwenye sayanaidi, na sayanaidi inayeyusha zebaki kama inavyoyeyusha dhahabu. Pale kijijini watoto wanaogelea kwenye bwawa lililo chini ya plant. Sina la kuongeza hapo.

Haipotei, inahama

Nimelikwepa jambo moja tangu mwanzo, nami nilikwenda nalo kitandani kila usiku.

Nani aliliinua lile bao kwa matofali matatu?

Kwanza nilitaka kuamini ni wizi. Inakaa vizuri kichwani: mwenye mwalo anajenga mteremko mkali, anatoa maji mengi bila malipo, anaonekana mkarimu, na kila chembe inayotoroka kwetu inaangukia kwake. Kwetu ni hasara, kwake ni mavuno ya baadaye. Sayanaidi haijali udogo. Tena ile laini ndiyo inayoyeyuka upesi. Dhahabu yetu haikuwa inapotea hata siku moja. Ilikuwa inahama.

Lakini nimekaa pale mwaloni foleni ikiwa na watu kumi na wawili. Nimewasikia wachimbaji wenyewe wakimpigia kelele anayeosha taratibu. Wana deni la dizeli, wana vijana wa kuwalisha, jua linazama. Maji yakipungua wao ndio wa kwanza kusema "fungua, fungua". Mimi mwenyewe nimesema. Lile tofali la tatu huenda liliwekwa na haraka yetu, mwenye mwalo akaona halimdhuru, akaliacha.

Siwezi kuamua. Siku nikiwa na njaa naamini la kwanza, nikishiba naamini la pili.

Jumamosi ya mwisho ya likizo tuliosha ndoo 20 za shimo letu kwa utaratibu mpya. Gramu 0.8, bila punje nono hata moja. Tulikuwa tunakung'uta gunia la mwisho pikipiki ikasimama. Mwenye mwalo. Akasalimia, akamuuliza mjomba habari za nyumbani, akazunguka bao taratibu.

"Nani katoa tofali?"

"Sisi, bosi," mjomba akasema. "Mwalimu alikuwa anajaribu jambo."

Bosi hakujibu. Akavua saa, akachukua karai langu bila kuomba, akachota marudio mkiani viganja viwili. Anajua kuzungusha karai yule mtu, kuliko mimi, kuliko mjomba. Akaliinamisha upande wa jua. Nikanyoosha shingo. Niliona chembe moja, labda mbili.

Aliangalia muda mrefu kuliko chembe mbili zinavyohitaji.

"Kuanzia Jumatatu," akasema, "anayetoa tofali atalipia maji kwa pipa. Taslimu."

"Na marudio?" mjomba akauliza.

"Mtabeba wenyewe."

Akavaa saa, akawasha pikipiki. Mjomba akachuchumaa, akaokota kijiti, akaanza kuandika namba vumbini, akifuta kwa kiganja na kuandika tena. "Mwalimu," akasema bila kuinua kichwa, "ndoo ishirini zile zimekula mapipa mangapi?"

Nikaanza kuhesabu. Nyuma yetu yule kijana alikuwa ameinua kichwa cha bao kwa bega moja, na kwa mkono mwingine analirudisha tofali mahali pake.